Bakari, msisimike nguzo kwanza

Swahibu Bakari,

Assalaam alaykum. Hujambo, na wa nyumbani hawajambo? Mguu wa bibi je? Sisi wazima. Kimya changu utanidai siku nyingine, maana Fundi Selemani kaniambia mnataka kusimika nguzo za banda la dagaa, na urefu wa sakafu mnaufuata ile alama ya maji ya kimbunga Hidaya kwenye mnazi.

Alama ile inawadanganya. Kimbunga Hidaya kilifika Mafia tarehe 4 Mei 2024, nayo ilikuwa 25 Mfunguo Mosi, yaani Shawwal. Wewe mtu wa pwani, hesabu mwenyewe: maji mafu, siku za robo ya mwezi, bahari inapojaa kidogo! Kingechelewa siku tano kingekuta bamvua, yale maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na bamvua kwetu hujaa kupita maji mafu kwa mita moja hivi. Hata kimbunga Idai pale Beira, Msumbiji, Machi 2019, pamoja na maafa yake yote, iliingia kwenye maji mafu. Kimbunga Kenneth kule Cabo Delgado, Msumbiji hukohuko, Aprili mwaka uleule, siku moja tu kabla ya robo ya mwisho ya mwezi. Halafu watu wanasema tufani wameshaiona! Wameona upepo, maji bado.

Mgandamizo wa hewa ukishuka milibari 1, bahari huinuka kama sentimita 1. Kwa hiyo milibari 25 ni sentimita 25, si hoja. Kazi kubwa ni ya upepo kuyarundika maji penye kina kifupi, na hapo kwenu ni kifupi mpaka mbali. Tena vimbunga vya upande wetu wa ikweta huzunguka kama mishale ya saa: kikija kutoka mashariki, aliye kusini mwa kitovu ndiye anayesukumiwa bahari. Kikiingilia Mafia, kusini ni nani kama si nyinyi Kilwa?

Basi ngojeni bamvua kubwa, la Machi au Septemba. Maji yakijaa kabisa pigeni kigingi ukingoni, pale horini palipotulia, si penye wimbi. Chukueni mpira mwangavu wa fundi, mjaze maji, mtoe mapovu yote (likibaki moja tu kipimo kinapotoka), mhamishie usawa ule kwenye nguzo. Juu yake ongezeni mita moja na nusu, ndipo sakafu ianze. Selemani atanung'unikia mbao, mwache anung'unike. Nguzo nazo zizame mita moja na nusu, maana wimbi huchimba mchanga kwanza. Nguzo haivunjiki, inang'oka. Chini ya sakafu msizibe kuta, maji yapate pa kupita.

Na kisima, kabla sijasahau: kikiingiwa na bahari msikikaushe kwa pampu. Maji matamu yanaelea juu ya ya chumvi. Ukivuta kwa pupa, ya chini yanapanda. Toeni tope na taka, mwage mbali, mvua imalizie.

Ila bamvua, Bakari. Bamvua!

Sasa nijibu: mlango wa banda mmeuelekeza wapi? Mzee Shomari kakubali kuwasogezea kiwanja nyuma, au bado ananuna? Boriti mnazitoa wapi, usiniambie ni ile mikoko ya mbele ya diko? Kisima cha msikitini kimerudi utamu? Na ile mashine ya boti, aliinunua nani?

Wako,
Hamisi