Bingwa wenu kura atazipata, chama je?

Wanangu mnaozunguka na fomu za kuandikisha chama cha siasa cha bingwa wenu,

Nasikia mnabishania nembo, iwe ngumi au mkanda wa ubingwa. Hilo litajipa. Mimi nina swali moja: siku bingwa akibwagwa kwenye uchaguzi, ofisini atabaki nani?

Nauliza kwa sababu kila mkibanwa mnamtaja Antonio Inoki, tena mnamtaja nusu. Ni yule mwanamieleka wa Japani aliyetoka sare na Muhammad Ali jijini Tokyo mwaka 1976. Mwaka 1989 alianzisha Chama cha Michezo na Amani, akaahidi kulikaba Bunge kwa mbinu za ulingoni na kuipiga kodi mpya ya matumizi teke la kisogo. Hata mimi mzee nilicheka. Alipata karibu kura milioni moja, zisizofika asilimia 2, akaingia baraza la juu la Bunge.

Hapo msipite haraka. Kiti kile kilitokana na kura kuhesabiwa nchi nzima kwa uwiano, yaani chama hupewa viti kulingana na sehemu yake ya kura zote. Kura hizohizo zingetawanyika majimboni, kila jimbo na mshindi wake mmoja, angetoka kapa. Kwa hiyo kabla ya kuchapa fulana, someni sheria yenu ya uchaguzi.

Kazi aliifanya, tusimdhulumu. Desemba 1990, Iraki ikiwa inawazuia raia wa kigeni, alipeleka wanamieleka Baghdad kwa tamasha la amani, na Wajapani waliozuiwa wakaachiwa. Mwaka 1992 chama kiliongeza kiti, cha mchezaji wa zamani wa besiboli Takenori Emoto. Mwaka 1995 Inoki akaangushwa. Yaliyofuata ndiyo mnayoyaruka: Emoto alichaguliwa tena 1998, Inoki akarudi bungeni 2013, na wote wawili kwa tiketi za vyama vingine. Majina yao yalikuwa bado yanauzika. Chama chao hakikuwapo tena kwenye hesabu.

Mtaniambia habari za Imran Khan, yule nyota wa kriketi wa Pakistani. Sawa. Chama chake kilizaliwa 1996, mwaka 1997 hakikuambulia hata kiti kimoja, 2002 kikapata kimoja tu, chake mwenyewe. Uwaziri mkuu ulikuja 2018. Miaka yote hiyo haivukwi kwa picha za Kombe la Dunia la kriketi peke yake.

Basi fedha za chama ziwe na akaunti yake, mbali na mfuko wa bingwa. Katibu asiwe shemeji yake wala meneja wake wa zamani. Na kikao kijacho mwombeni bingwa asije. Mkiweza kufikia uamuzi mmoja mgumu na kuuandika kwenye muhtasari bila yeyote kati yenu kutoka kikaoni kwenda kumpigia bingwa simu, nendeni kwa msajili. Mkishindwa, fomu hizo zikae kwanza.

Ni mimi mzee wenu