Watoto wetu nao waijue bahari

Mhariri,

Hifadhi ya Bahari ya Malindi ipo tangu 1968, lakini watoto wengi ninaowajua mjini hawajawahi kuingia. Kaskazi, msimu wa upepo wa kaskazini-mashariki, ndio wakati wa kwenda: bahari imetulia, maji maangavu mpaka chini. Juzi, maji yametoka mbali kwa bamvua (siku za mwezi mwandamo au mpevu, bahari inapojaa na kupwa sana), mwanangu aliinama kwenye kidimbwi mwambani akamwona jongoo bahari akijivuta taratibu mchangani. Hakutaka kuondoka! Maswali yake yalinishinda. Mvuvi mzee aliyekuwa karibu ndiye aliyemjibu moja baada ya jingine.

Naomba wasimamizi wa hifadhi wawaite wazee kama huyu, watupangie siku ya familia kila bamvua la kaskazi, na wenyeji tupunguziwe kiingilio. Kusi, upepo wa kusini, ikichafua bahari, tupelekwe kwenye mikoko ya hori ya Mida, karibu na Watamu.

Mzazi,
Malindi