Barua ya wazi kwa Waziri wa Mawasiliano na Teknolojia ya Habari: paswedi za wafanyabiashara zimelala steshenari

Mheshimiwa Waziri,

Mbukwa, ndiyo salamu yetu ya Kigogo. Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nina steshenari hapa Dodoma mjini, si mbali na soko la Majengo. Mpita njia akichungulia ataona madaftari, bahasha na mashine ya kopi. Lakini kopi hazilipi kodi ya fremu. Kinacholipa ni kuwaingiza wafanyabiashara wadogo kwenye mifumo ya Serikali, mmoja baada ya mwingine, kuanzia asubuhi mpaka umeme ukikatika.

Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia huku, sisi wa mjini tulihesabu faida ya kukaa jirani na ofisi. Ofisi zikaja kweli, Mji wa Serikali ukaota Mtumba, na papo hapo huduma zenyewe zikapanda mtandaoni. Jina la biashara unasajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa mtandao tangu 2018. Leseni unaomba kwenye TAUSI, mfumo wa halmashauri. Zabuni ziko NeST, mfumo wa ununuzi wa umma, iliyoupokea kazi mfumo wa zamani wa TANePS mwaka 2023. Ukitaka kulipa chochote, sharti kontroo namba, ile namba ya malipo ya Serikali. Kwa hiyo jirani wa ofisi na mtu wa Manyoni tumekuwa sawa: wote tunapita mlango uleule wa intaneti.

Nasema wazi kwamba ni jambo jema, maana barua kama hizi huwa zinaanza kwa kulalamika hadi mwisho. Anayekumbuka zamani anajua kusajili kampuni kulimaanisha nini kwa mtu wa Kondoa au Mpwapwa. Basi mpaka Dar es Salaam, gesti, foleni, “rudi kesho”, gesti tena. Nauli ilikuwa inakula mtaji kabla biashara haijapata jina. Leo anamaliza hapa mezani, anarudi kwake na basi la mchana.

Halafu kuna zabibu. Mheshimiwa, unajua zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, na zikishaiva hazina subira. Mkulima wa Hombolo au Mpunguzi alikuwa mateka wa yeyote atakayefika shambani na gari. Sasa anapiga picha vichala vikiwa bado mtini, anaweka kwenye kundi la WhatsApp, mnunuzi wa Dar anatuma malipo ya awali kwa simu, ndipo mkasi unaingia shambani. Kuvuna ukiwa umeshauza ni kitu ambacho baba zetu hawakukijua. Kwenye nafaka ni hivyohivyo: mtu wa Kongwa anajua bei ya mahindi ya Kibaigwa ya leo kabla hajafunga gunia, na dalali hawezi kumtisha kwamba “kule sokoni hali ni mbaya”. Msidhani lakini dalali amekufa. Naye amenunua simu janja, na mara nyingi ndiye admini wa kundi.

Sasa niseme kilichonifanya niandike.

Anakuja mama mmoja, mwenyekiti wa kikundi cha kupika na kuhudumia mikutano. Amesikia, na ni kweli, kwamba sheria ya ununuzi wa umma inatenga asilimia 30 ya manunuzi kwa makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Jiji limejaa semina, kila semina inakula. Anataka kusajiliwa. Mfumo unataka barua pepe; hana, namfungulia. Unataka paswedi yenye herufi kubwa, ndogo, tarakimu na alama, naitunga mimi. Unatuma namba ya uthibitisho kwenye simu. Ya kwake ni kiswaswadu, simu ndogo ya vitufe, imebaki nyumbani inachajiwa, kwa hiyo tunaandika namba yangu. Mwisho namwambia, “Mama, hii paswedi uitunze.” Ananijibu, “Niandikie hapo kwako mwanangu, mimi nitaipoteza.”

Nina daftari zima la namna hiyo, na kila steshenari ya mji huu inalo la kwake. Ndani yake kuna TIN (namba za mlipakodi), namba za NIDA (za kitambulisho cha taifa), barua pepe, paswedi, na picha za vitambulisho zimejaa kwenye kompyuta ambayo kijana wa kazi anaiwasha na kuizima. Mwenye nia mbaya akitaka kuharibu biashara za wanyonge wa Dodoma hahitaji kuwa mtaalamu wa kudukua. Anahitaji kuajiriwa steshenari. Najua kikundi ambacho kijana aliyewafungulia akaunti alihama mji na barua pepe yao; wakati wa zabuni walimtafuta, akawaambia watume kwanza “ya soda”. Walituma.

Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ipo. Kwa maneno ya sheria hiyo, mimi na daftari langu ni mkusanyaji wa taarifa binafsi, pengine mkubwa kuliko baadhi ya kampuni zenye lifti. Siipingi hata kidogo. Ninachosema ni kwamba sheria inamkataza mtu kuacha funguo hovyo, wakati mifumo imejengwa kwa namna ambayo asiye na kompyuta hawezi kufanya kazi bila kumpa mwingine funguo zote. Utamlaumu nani hapo?

Suluhisho tunalo nyumbani, hatuna haja ya mshauri kutoka nje. Tazama wakala wa pesa. Tangu M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008, bibi wa Bahi asiyejua kusoma anatoa hela kwa wakala asiyemfahamu, na namba yake ya siri wakala hana haja ya kuiona. Wakala ana laini yake na namba yake ya uwakala. Bibi ana simu yake na siri yake. Bibi anathibitisha muamala kwa siri yake, wakala anapata ujumbe. Kikitokea kitu, inajulikana nani alifanya nini na saa ngapi. Mifumo ya Serikali ninayoingia kila siku haina mgawanyo huo. Mbele ya mfumo mimi ndiye mama mwenyekiti. Nikikosea, amekosea yeye. Nikiiba, ameiba yeye.

Ombi langu la kwanza, na ndilo kubwa, ni kwamba wizara yako ikae na Mamlaka ya Serikali Mtandao mtutambue steshenari kama mawakala wa huduma za mtandaoni. Tusajiliwe, tuwe na namba, niingie kwa jina langu mwenyewe, nijaze fomu ya mteja, kisha yeye aidhinishe kwa simu yake ndogo kupitia *152*00#, ile menyu ya huduma za Serikali. Mlango huo mmeshaufungua siku nyingi, na unapitika bila intaneti. Uongezewe kazi hii moja. Nitalichoma daftari langu kwa furaha.

Najua Posta wana vituo vya Huduma Pamoja, na ni wazo zuri. Ila mtu wa kijijini haendi panapotakiwa, anakwenda anapopajua, tena panapofunguliwa Jumapili baada ya ibada.

Nije kwenye kukatika kwa mtandao. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za SEACOM na EASSy ziliharibika, na sisi tulio mamia ya kilomita kutoka pwani tukashikwa nayo kama wavuvi. Fomu haifunguki, kiambatanisho hakipandi, wateja wananitazama kana kwamba nimeficha mtandao kwenye droo. Hiyo ilikuwa bahari, na bahari haina wa kumshtaki. Mwishoni mwa Oktoba 2025, kuanzia siku ya uchaguzi, intaneti ilizimika nchini kwa siku kadhaa, na hapo hatukuambiwa kuna waya umekatika. Siasa yake nawaachia wenye siasa. Mimi naongelea duka. Aliyekuwa na oda za Instagram hakuziona. Aliyeahidi mzigo alionekana tapeli. Katika biashara ya mtandaoni sifa ndiyo fremu yako, na sifa haisubiri mtandao urudi ndipo ichafuke.

Kinachouma zaidi ni kwamba mtandao ukikata, tarehe za Serikali hazikati. Ritani za VAT mwisho ni tarehe 20 ya kila mwezi. Zabuni ina siku na saa yake ya kufungwa. Sasa hivi mtu akichelewa kwa sababu ya mtandao anaambiwa aandike barua ya kujieleza, nayo aitume kwa mtandao. Iwe kanuni, bila kuombwa: intaneti ikizimika au mfumo ukianguka kwa saa kadhaa, muda wa mwisho usogee wenyewe kwa saa zilezile. TCRA, wasimamizi wa mawasiliano, wanajua mtandao umezimika lini kuliko mteja yeyote, hivyo hakuna wa kudanganya.

Utapeli nitaugusa tu, kwa kuwa umeandikwa sana. Wa “ile hela tuma kwenye namba hii” tumeshamzoea, na tunampeleka 15040, namba ya kuripoti matapeli. Anayewaliza machinga sasa ni mteja anayeonyesha ujumbe wa malipo aliouandika mwenyewe, una jina na salio vyote sawasawa. Matokeo yake mwenye bidhaa haachii mzigo mpaka simu yake yeye ilie, na mtandao ukiwa mzito wanasimama wawili wanatazamana dakika kumi juu ya fulana moja. Huku mnunuzi wa mbali naye hataki kutanguliza hela kwa duka aliloliona Instagram, maana ameshawahi kulipia viatu akaletewa kimya. Mkikamata hao wenye maduka hewa, tangazeni waliokamatwa na hukumu zao. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015. Wafanyabiashara wanaifahamu zaidi kwa habari za watu walioandika maneno kuliko kwa habari za watu walioiba.

Na lugha, Mheshimiwa. Fomu nyingi zinazopita mezani kwangu ni za Kiingereza, katika nchi ambayo Bunge lake, hapahapa Dodoma, linajadili bajeti kwa Kiswahili. Nusu ya ninacholipwa ni tafsiri. Mkiziandika kwa Kiswahili mtanipunguzia kipato, nami nitavumilia.

Kutoka kwangu hadi Mtumba ni safari ya kilomita kama 17, daladala zipo. Mtume mmoja wa wataalamu wanaojenga hiyo mifumo, aje kati ya tarehe 15 na 20 ya mwezi wowote, kompyuta yake aiache ofisini. Nitampa kiswaswadu, kitambulisho cha NIDA aje na cha kwake mwenyewe mkononi, na nitamwomba asajili kikundi cha mama lishe bila kunitajia paswedi. Chai na chapati ni juu yangu, atakaa muda atakaotaka.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwenye steshenari,
Dodoma