Draya inazunguka, ina joto, lakini nguo zinatoka mbichi

Masika ikianza, simu tunazopokea zinafanana: "Fundi, draya inazunguka vizuri, joto lipo, ila nguo hazikauki. Nadhani hita imekufa." Mara nyingi hita ni nzima. Tatizo ni hewa.

Joto peke yake halikaushi nguo. Kazi yake ni kugeuza maji yaliyo kwenye kitambaa yawe mvuke, kisha feni inausukuma mvuke huo nje. Ukikosa njia, unabaki ukizunguka humo humo na nguo. Ndiyo maana unatoa shuka ni la moto, lakini ukilishika bado bichi.

Hivi karibuni tuliitwa kwenye nyumba ya wageni Mikocheni. Mama mwenye nyumba alikuwa ameshabadilishiwa fyuzi ya joto mara mbili, na sasa alikuwa na ya tatu. Tukavuta mashine, tukakuta bomba la kutolea hewa limebanwa na ukuta hadi limekuwa bapa. Tukalinyoosha, hewa bado ikatoka kwa kujikokota. Tukazunguka nje kuangalia tundu la ukutani. Wakati wa ujenzi lilikuwa limewekewa wavu wa mbu. Nia ilikuwa njema, lakini nyuzi za taulo zilikuwa zimenasa pale hadi wavu wenyewe hauonekani. Tulibandua kipande cha kijivu, kinene kama blanketi, na papo hapo hewa ya moto ikatupiga usoni. Mashuka yaliyokuwa yakimaliza asubuhi nzima yakakauka kwa saa moja.

Fyuzi ile imewekwa ikatike joto likizidi. Anayeibadilisha bila kukagua njia ya hewa anakuuzia nyingine ya kukatika. Na akiiruka kwa kuunga waya moja kwa moja, usikubali kabisa: zile nyuzi zinashika moto upesi mno, na mashine iko ndani ya nyumba unamolala na watoto.

Kabla hujatupigia, safisha chujio la nyuzi, na uwe unalisafisha kila baada ya mzigo mmoja. Lionekane safi au lisionekane, limwagie maji ya bomba. Yakituama juu yake, lina utando wa mafuta, hasa kama unatumia zile karatasi za manukato zinazowekwa ndani ya draya pamoja na nguo. Lisugue kwa brashi laini na maji ya sabuni, likauke ndipo ulirudishe. Draya isiyo na bomba la nje hukusanya maji kwenye tangi lake: limwage, na kondensa, sehemu inayopoza mvuke uwe maji, uioshe kama mashine yako inaruhusu kuitoa.

Wenye mashine moja inayofua na kukausha, someni kibandiko cha mlangoni. Nyingi hufua kilo 8 lakini hukausha kilo 5 tu. Ukiacha mzigo wote uliofua uendelee kukaushwa, hautakauka hata mashine ikiwa mpya. Punguza nguo, na uzikamue kwa kasi kubwa kwanza.

Umeme nao tunaukuta mara kwa mara. Hita ya wati 2,000 iliyotengenezwa kwa volti 230, ikipata volti 180 hutoa kama wati 1,200 tu. Kama nguo zinakauka vizuri mchana na kukataa jioni majirani wakiwasha vyao, anza kushuku umeme kabla ya mashine. Usiichomeke kwenye ekstensheni.

Ukishafanya hayo, iwashe, iache dakika kumi, kisha nenda nje uweke mkono kwenye tundu. Hewa ikitoka kwa nguvu lakini ya baridi, tutakuja na vipuri vya hita. Ikiwa ya moto lakini dhaifu, tutakuja na brashi ndefu, na gharama yako itakuwa ndogo zaidi. Tuambie ulichokihisi ukipiga simu.