Krismasi njema wadau, na sahani hairudi tupu

Krismasi njema wadau wangu wote wa kompyuta, mafundi, mliopo vyuoni, na nyie mnaoandika programu usiku kucha afu asubuhi mnasinzia kwenye daladala. Mie niko Tanga kwa mama, mtandao unakuja unakata, pilau iko jikoni na kazi yangu toka asubuhi ni kupeleka sahani kwa majirani. Huku kwetu Krismasi sahani zinatoka zimefunikwa kawa, Idi zinarudi, na hairudi sahani tupu, hata maandazi mawili lazima yawemo.

Sasa nimesimama na sahani mlangoni kwa watu nikawa nawaza Dr. Dobb's. Kama hulijui, ni jarida la kompyuta la Marekani, toleo la kwanza lilitoka Januari 1976 huko Menlo Park, California, kwahiyo mwezi ujao linafikisha miaka 50 japo lenyewe lishazikwa.

Ilikuwaje? Mwaka 1975 ilitoka kompyuta inaitwa Altair 8800, unanunua vipande unachomelea mwenyewe, ukimaliza haina kioo wala kibodi, ni swichi na vitaa tu, na kama una kilobaiti 4 za memori wewe tajiri. Ili uongee nayo kama binadamu ulitaka lugha ya BASIC, na ile ya kina Bill Gates na Paul Allen ilikuwa ya kununua, watu wakawa wanakopiana kimyakimya mpaka Februari 1976 Gates akaandika barua ya wazi kwamba wengi wenu mnaiba. Simlaumu sana, jasho lake lile.

Ila kulikuwa na jamaa wengine, kikundi cha wapenda kompyuta kinaitwa People's Computer Company, wao walishapita njia yao. Mmoja wao, Bob Albrecht, alimwomba mwenzie Dennis Allison achore ramani ya BASIC ndogo kabisa, wakaichapisha, kila mtu ajijengee ya kwake. Sahani ndo imetoka hiyo. Desemba hiyohiyo ya 1975, msimu kama huu, ikarudi kutoka Tyler, Texas: Dick Whipple na John Arnold wameshaijenga inafanya kazi, na wameongezea vyao juu! Jarida likaanzishwa ili vitu hivyo viwafikie watu, mpango ulikuwa matoleo matatu tu basi, lakini barua zikawa haziishi.

Jina lenyewe utani mtupu, Dobb ni Dennis na Bob wamegandishwa pamoja, na jina refu lilikuwa kitu kama Jarida la Mazoezi ya Viungo na Kunyoosha Meno ya Kompyuta. Mhariri wa kwanza Jim Warren. Mwaka huohuo 1976 jamaa anaitwa Li-Chen Wang akatoa Tiny BASIC (yaani hiyo BASIC ndogo) ya kwake, pale juu ambapo wenzie wanaandika haki zote zimehifadhiwa yeye kaandika kopilefti (kageuza kopiraiti, yaani hakimiliki), makosa yote yamehifadhiwa. Hapo huwa nacheka kila mara.

Afu fikiria msomaji mwenyewe. Programu imechapwa kwenye karatasi, kurasa na kurasa, anaketi kuiingiza namba kwa namba, akikosea moja tu mashine inaganda, na kama kosa ni la jarida anasubiri toleo lijalo aone nani kaandika barua ya kusahihisha. Sie video ikizunguka sekunde 10 tunataka kutupa simu.

Aprili 1977 Warren aliandaa maonyesho San Francisco, ndo huko Apple II ilionyeshwa hadharani kwa mara ya kwanza. Machi 1985 jarida likachapa tamko la GNU la Richard Stallman, yaani mpango wake wa programu huru ambazo kila mtu anaruhusiwa kuzitumia, kuzibadili na kuzigawa, ukoo wa hizi Linux tunazojivunia humu. Baadaye biashara ya matangazo ikanyauka, karatasi ikaisha 2009, na Desemba 2014 wakatangaza kufunga kabisa, watu wengine wanapamba mti wao wanaaga.

Haya mama ananiita, sahani ya nyumba ya tatu inapoa. Heri ya Krismasi na mwaka mpya 2026, wanaosafiri mfike salama. Na wewe uliyechukua flashi yangu tangu Pasaka unajijua, naitaka mwezi wa kwanza, na uweke kitu ndani.