YAH: Mnunuzi wa karavani yangu mliyemfukuza wenyewe

Kwa Meneja Mkuu,
Kambi ya Likizo, Pwani ya Lincolnshire,
Uingereza.

Ndugu Meneja,

Salamu. Walinzi wa getini na mafundi wenu sina neno nao. Barua hii inaihusu ofisi yenu ya mauzo.

Karavani ni ile nyumba yangu ya likizo iliyo kiwanjani kwenu, ya mwaka 2011, futi 35 kwa 12, vyumba viwili. Leseni ya kiwanja, yaani ruhusa ya karavani kukaa hapo, inakwisha 2031. Tarehe hiyo mmeiandika wenyewe. Ada ya mwaka huu imelipwa yote. Mlipewa taarifa ya kuuza kwa maandishi, pamoja na nafasi ya kwanza ya kununua kama kifungu cha mkataba kinavyotaka, mkataja pauni 1,500. Kutaja ni haki yenu, na kukataa ni haki ya mwenye mali. Akapatikana mnunuzi wa nje kwa pauni 12,000.

Sasa Jumamosi ile. Wanunuzi, mtu na mkewe, wamekaa mezani wanasoma cheti cha gesi. Afisa mauzo wenu akaingia bila hodi, akaweka kijitabu cha karavani mpya juu ya cheti, akawaambia: "Hii imebakiza miaka miwili hapa, kisha inaburutwa nje." Akapiga kisigino mlangoni mwa bafu, akasema sakafu imeanza kuoza. Wakatoka naye kwenda kuangalia karavani zenu mpya. Hawakurudi.

Sakafu ya karavani mara nyingi huanza kuoza bafuni, na sababu yake mafundi wenu wanaijua: silikoni ya pembezoni mwa shawa ikiachia, maji hupenya chini, mbao hufura na kulainika. Ndiyo maana pale palipimwa kwa kipima unyevu kabla ya tangazo kutoka. Shawani, chini ya madirisha na kwenye kona za mbele, kote ni chini ya asilimia 15. Wasiwasi wa maji kupenya huja ikizidi 20. Umeme ulikaguliwa. Gesi ilikaguliwa na fundi aliyesajiliwa Gas Safe, orodha rasmi ya mafundi wa gesi, mpira na regyuleta vikabadilishwa. Maji yalimwagwa yote kwenye mabomba na boila kabla ya baridi, kwa hiyo hakuna kiungo kilichopasuka kwa barafu. Ripoti zote zilikuwa mezani, chini ya kijitabu chenu. Afisa hakuuliza hata moja. Kisigino kilimtosha.

Na kwa kazi hiyo mnataka kamisheni! Asilimia 15 ya 12,000 ni pauni 1,800, ongeza kodi ya VAT 360, jumla 2,160. Mwenye mali angebaki na 9,840. Dalali hulipwa kwa kuleta mnunuzi. Dalali anayemfukuza mnunuzi aliyeletwa na mwenye mali, halafu anasimama mlangoni kusubiri chake, sijui hata tumwiteje.

Barua pepe yenu inasema "kulitokea kutoelewana kidogo." Basi narudia, maana hamkusikia. Mama yule alikuwa ameshika futi kamba, anapima dirisha la mbele kwa ajili ya mapazia. Mtu anayepima mapazia keshaamua kununua. Mumewe aliuliza waziwazi: "Mbona mkataba umeandikwa 2031?" Afisa wenu akacheka, mbele yangu, ndani ya karavani yangu, akajibu: "Hizo karatasi ofisi hubadilisha." Mama akakunja futi kamba, akaitia mkobani. Hakuna aliyeshindwa kumwelewa mwenzake hapo. Ulisemwa uongo, ukafanya kazi yake.

Hata kabla ya siku hiyo, kibao cha "Inauzwa" kiliondolewa dirishani bila taarifa. Na Jumatatu iliyofuata ofisi ileile ikapiga simu: sasa mnatoa pauni 1,000, eti soko limeshuka. Limeshuka tangu Jumamosi?

Nataka barua yenye saini inayothibitisha kwamba leseni ni hadi 2031 na inahamishika kwa mnunuzi, na nakala yake muwapelekee wale wanunuzi pamoja na maneno ya kuomba radhi. Wakirudi, kamisheni hamtachukua hata peni. Wasiporudi, mtanunua wenyewe kwa pauni 9,840, na ada ya kiwanja ya miezi iliyobaki mtarudisha. Msinitajie gharama za kukata gesi, maji na umeme wala za kuivuta nje, sijaomba kuondoka.

Pia naomba nakala ya kila mlichoandika kunihusu mimi na mauzo haya. Sheria ya data inawapa mwezi mmoja.

Kwa mengine mna siku 14. Baada ya hapo nafungua madai madogo mahakamani. Hasara hii, hata mkitoa hiyo 1,000 yenu, inaingia ndani ya kikomo cha pauni 10,000. Nitaegemea Sheria ya Haki za Walaji ya 2015, na ile ya 2024 inayokataza kumpotosha mnunuzi. Maafisa wa Trading Standards, wasimamizi wa biashara ya haki, watapata taarifa kupitia Citizens Advice, shirika la ushauri kwa wananchi. Na majirani zangu kwenye mstari huu, ambao nao wanafikiria kuuza, watasoma barua hii kabla hawajalipa ada ya mwakani.

Mtungi wa gesi ukifungwa au waya wa umeme ukikatwa kabla ya siku hizo kwisha, madai yatapanda.

Mwenye karavani