Noti ya babu yako usiipige pasi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu wa Nzega ambaye barua yake mliitoa Jumamosi iliyopita. Alieleza kwamba amekuta noti ya rupia ya Mjerumani ndani ya sanduku la marehemu babu yake, imeandikwa Tabora, na akatushauri sote wenye noti kuukuu tuzifue kwa sabuni, tuzipige pasi, kisha tukazipige lamineshini ili zisizeeke. Ndugu yangu, kama hujafanya hivyo, nakuomba usifanye. Kama umekwisha kuifua, ianike kivulini na uishie hapo hapo.

Nasema kwa uchungu kwa sababu yamenikuta. Mimi ni karani mstaafu wa reli. Nilianzia kazi Kigoma nikamalizia hapa Tabora, na kwa karibu miaka thelathini nimekusanya noti za nchi moja ndogo ya Ulaya iitwayo Latvia, zile za kati ya vita kuu mbili. Watu huniuliza, mzee, wewe na Latvia wapi na wapi?

Ilikuwa mwaka 1997, stesheni ya Kigoma. Nesi mmoja raia wa Kanada, aliyekuwa akihudumia wakimbizi huko Kasulu, alikuwa anasubiri treni iliyochelewa tangu asubuhi. Tukazungumza. Akaniambia amepita mwalo wa Kibirizi, akawaona wavuvi wamekaa chini wanashona nyavu zao, machozi yakamtoka. Sikumwelewa mpaka alipofungua kitabu chake cha nyimbo za kanisani akatoa noti. Lati 10 ya mwaka 1938, lati ikiwa ndiyo fedha ya Latvia. Upande wa mbele wavuvi na nyavu, nyuma mtu anapanda mbegu shambani. Ilikuwa ya bibi yake. Mwaka 1944 familia ilikimbia Latvia na kitabu kile, na noti ilikuwa ndani.

Wakati huo noti yenyewe ilikuwa imekwisha kufa. Warusi waliingia Latvia Juni 1940, na tarehe 25 Machi 1941 lati ikaondolewa ghafla kwenye mzunguko. Watu waliamka na fedha, wakalala na karatasi. Nililikumbuka hilo Benki Kuu yetu ilipoziondoa noti za zamani, maana sisi tulipewa kuanzia 6 Januari hadi 5 Aprili 2025, na bado nilimwona mama mmoja wa Isevya akilia mlangoni mwa benki mwezi Mei na furushi lake mkononi.

Yule nesi aliniachia ile noti. Alisema kwa mtu wa Kigoma itakuwa mahali pake. Tangu siku hiyo nikaanza kutafuta wenzake. Nilikuwa na noti zetu za mwanzo, zile za 1966, na kwa barua za posta nilibadilishana na wakusanyaji wa nje. Shilingi 20 ya 1966, safi, haina mkunjo, niliitoa nikapata lati 25 ya mwaka 1928 yenye sura ya Krišjānis Valdemārs. Huyu ndiye aliyehimiza watoto wa wakulima wasomee ubaharia; chuo cha kwanza kilifunguliwa Ainaži mwaka 1864. Sijutii hata kidogo ile shilingi 20. Nchi inayomweka kwenye noti yake mtu aliyefungulia watoto wa maskini njia ya baharini ni nchi ninayoipenda bila kuiona.

Lakini niliyoipenda kuliko zote ni lati 20 ya mwaka 1925, yenye sura ya Jānis Čakste, rais wao wa kwanza. Mwaka 2016 nilihitaji nakala yake nimpelekee rafiki yangu wa Dar es Salaam. Nikaingia steshenari moja hapa mjini, nikamkabidhi kijana noti ndani ya bahasha, nikatoka nje kupokea simu. Niliporudi mashine ilikuwa inaitema. Ile harufu ya plastiki ya moto ninayo puani hadi leo. Kijana alikuwa ameona karatasi ya mzee imechoka, akaipiga lamineshini bila kuambiwa, tena bure, kwa heshima. Na kabla ya kuipitisha alikuwa amepunguza kingo zote nne kwa mkasi ili ikae sawa. Vipande vilikuwa bado mezani, vyembamba kama nyuzi za muhogo. Niliviokota, ninavyo kwenye bahasha.

Sikumgombeza. Angejuaje? Hakuna aliyewahi kumwambia. Ndiyo maana naandika.

Msomaji wa Nzega, chukua noti yoyote iliyochapwa vizuri, pitisha ncha ya kidole juu ya maandishi polepole. Utausikia wino umeinuka, unakwaruza kidogo. Pasi huulaza ule wino, na ukilala hauinuki tena. Karatasi nayo hung'aa mng'ao wa uongo ambao mkusanyaji huutambua akiielekeza tu kwenye mwanga wa dirisha. Sabuni hula ule ugumu wa karatasi, noti ikawa laini kama kitambaa. Mkunjo uache. Noti ya yule nesi ina mkunjo mmoja katikati, wa bibi yake, na siutoi kwa bei yoyote. Na lamineshini haina kurudi: gundi yake hunywewa na karatasi, ukijaribu kuibandua noti inachanika.

Kwako wewe hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu rupia za vita hazikuchapwa Ulaya. Vita vya 1914 vilipofunga bahari, benki ya Wajerumani ilikosa noti, ikaanza kuchapisha za muda hapa hapa nchini kwa karatasi yoyote iliyopatikana. Nyingi zilitiwa sahihi kwa mkono na kwa kalamu ya wino. Maji ya sabuni yakigusa sahihi ile, imekwenda. Mwaka 1916, kabla Wabelgiji hawajaiteka Tabora mwezi Septemba, mafundi wa reli walipiga hapa sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo, na sarafu ndogo ya shaba ya heli 20. Mimi nimefanya kazi kwenye reli hiyo hiyo na ile sarafu ya tembo sijawahi kuitia machoni. Wewe umeikuta noti ya Tabora kwenye sanduku la babu yako!

Walatvia nao walipita shida ya karatasi. Stempu zao za kwanza, Desemba 1918, zilichapwa nyuma ya ramani za jeshi la Wajerumani, na nyingine za 1920 nyuma ya noti ambazo hazikumalizika kuchapwa. Fedha yao ya kwanza ilikuwa rubli, wakaibadili mwaka 1922 kwa rubli 50 kwa lati moja, na noti ya kwanza ya lati 10 ilikuwa rubli 500 iliyogongwa maandishi mapya juu yake. Hiyo ndiyo ninayoitafuta hadi leo. Nikimwona mtu anayo na ameipiga pasi nitaumwa.

Kuhifadhi si kazi ya gharama. Mimi natumia karatasi nyeupe safi na bahasha moja moja, kisha debe la biskuti lenye mfuniko unaobana. Nasema debe kwa sababu ya mchwa. Wa Tabora hawa hawachagui, walinilia cheti cha ndoa mwaka 2003. Usiweke noti kwenye ile plastiki laini inayonata vidole, hutoa mafuta yakaingia kwenye karatasi. Usigundishe selotepu hata kama imechanika vipande viwili. Na ukiishika, shika kingo, mikono iwe mikavu.

Wenye steshenari, nanyi nawaomba: mteja akileta karatasi ya zamani, muulizeni kwanza kabla ya mashine na mkasi.

Ndugu wa Nzega, nauli ya kuja Tabora si kubwa. Fika Cheyo, uliza nyumba ya karani wa reli yenye miembe miwili. Ilete noti ya babu yako katikati ya daftari gumu, usiikunje tena, tuisome pamoja hiyo sahihi.

Karani Mstaafu wa Reli,
Cheyo, Tabora